Ushindi Uliokuwa Ukikaribia Kampala

Jumatano ya tarehe 1 Novemba 1978, Radio Uganda iliwatangazia wasikilizaji wake kuwa nchi yao imepanuka. Msemaji wa jeshi alisema majeshi ya Uganda yameutwaa ukanda wote wa Tanzania ulio kaskazini ya Mto Kagera, kilomita za mraba zipatazo 1,800, na kwamba kazi yote imechukua dakika 25, kwa mwendo unaopita wa sauti, rekodi ya dunia nzima. Tangu siku hiyo mpaka ulikuwa mto. Ule mstari ulionyooka ambao Waingereza na Wajerumani waliuchora kwa rula ulikuwa umefutwa.

Msemaji huyo hakuwa na jina. Kwa takriban miaka minane wakazi wa Kampala walikuwa wamemsikia akizungumzia kila jambo, kuanzia bei ya sukari hadi Palestina, na wengi waliamini kuwa nyuma yake alikuwapo Idi Amin mwenyewe. Cheo kikirushwa hewani hakikukatwa: Rais wa Maisha, Al-Haji, Field Marshal, Daktari, pamoja na nishani alizojitunuku. Msomaji wa habari aliyeruka kipande alikuwa akicheza na roho yake.

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 30 Oktoba, askari kati ya 2,000 na 3,000 walikuwa wamevuka mpaka hapo Mutukula na penginepo wakiwa na vifaru na magari ya deraya. Tanzania haikuwa na jeshi la maana upande huo, kwa hiyo hapakuwa na vita vya kujivunia. Kilichofuata ni uporaji. Ng'ombe walisombwa kwa maelfu, kiwanda cha sukari cha Kagera kikakombwa, na raia wapatao 1,500 wakauawa kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi. Hayo hayakuwamo katika taarifa ya dakika 25. Tena kwa wiki kadhaa kabla ya hapo, redio hiyohiyo ilikuwa ikilalamika kwamba ni Tanzania iliyoivamia Uganda na kwamba majeshi ya Amin yamewafurusha wavamizi. Mtu aliyefuata habari zote tangu mwanzo wa Oktoba angejiuliza nani hasa kamvamia nani, lakini hilo si swali la kuuliza mezani penye wageni.

Mtazamo wetu ukielekea Dar es Salaam siku iliyofuata, tarehe 2 Novemba, tunamkuta mtu mwenye kazi ngumu zaidi. Rais Julius Nyerere ndiye aliyekuwa ameshindwa. Ardhi yake ilikuwa mikononi mwa adui, watu wake walikuwa wakikimbilia kusini ya mto, na daraja la Kyaka lilikuwa limebakiza siku moja kuvunjwa. Alisimama akawaeleza wananchi hayo kwa Kiswahili kilichonyooka: tumevamiwa, watu wetu wameuawa, na tutampiga aliyefanya hivyo. Maneno matatu ya hotuba ile, sababu, nia na uwezo, kila Mtanzania aliyekuwa na akili zake mwaka huo anaweza kuyataja usingizini. Yalisikika redioni, yakachapwa katika magazeti ya Uhuru na Daily News, yakasomwa kwenye mikutano ya vijiji. Ndani ya miezi michache jeshi lililoanza na watu pungufu ya 40,000 likawa limepita 100,000, wakiwamo mgambo wengi.

Nadhani tofauti ya vita ile ilianzia hapo, kabla kombora la kwanza la Tanzania halijaruka. Serikali iliyopigwa ikaweza kusema imepigwa, kisha ikaomba msaada kwa watu wake. Miezi mitatu baadaye zamu ya kupigwa ilipofika Kampala, serikali ya huko haikuwa na ulimi wa kusemea jambo kama hilo. Ulimi huo ilikuwa imeukata yenyewe mapema.

Magazeti ya Kampala hayakuzaliwa mabubu. Munno, gazeti la Kanisa Katoliki kwa Kiganda, lilianzishwa na Mapadri Weupe mwaka 1911, na wasomaji wake walifuata ndani yake Vita Kuu ya Kwanza, vita ambayo vijana wa Buganda waliibebea mizigo hadi Tanganyika. Taifa Empya nalo lilikuwa la Kiganda. Uganda Argus, la Kiingereza, lilianza mwaka 1955 na likawa gazeti la wakubwa: mawakili, makarani wa serikali, walimu wa Makerere, Wahindi wa maduka ya Kampala Road. Lilikuwa na woga wake wa kikoloni, hilo si siri. Hata hivyo lilikuwa na desturi ya kuweka taarifa ya serikali upande mmoja na barua ya msomaji mwenye hasira upande wa pili.

Mwaka 1972, mwaka uleule Waasia walipofukuzwa, ilitoka amri iliyompa waziri mamlaka ya kulifunga gazeti lolote kwa kisingizio cha maslahi ya umma. Kufikia mwisho wa mwaka huo serikali ilikuwa imeichukua Argus na kuibatiza Voice of Uganda. Januari 1973 Padri Clement Kiggundu, mhariri wa Munno, alikutwa amekufa ndani ya gari lililoteketea katika msitu wa Namanve, kando ya barabara ya Jinja. Baada ya hapo wahariri hawakuhitaji tena kuandikiwa barua. Munno halikuuona mwisho wa miaka ile likiwa hai.

Pigo la kwanza la kijeshi ambalo Voice of Uganda lililazimika kulieleza lilikuja usiku wa tarehe 3 kuamkia 4 Julai 1976. Makomando wa Israeli walitua Entebbe, wakawatoa mateka wa ndege iliyotekwa waliokuwa wakishikiliwa katika jengo la zamani la uwanja wa ndege, wakaua makumi ya askari wa Uganda, wakalipua ndege za kivita zilizokuwa zimepangwa uwanjani, wakaondoka. Yote yalikwisha kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Kabla hakujapambazuka vizuri, Kanali Baruch Bar-Lev, Mwisraeli aliyewahi kuishi Kampala na kumfahamu Amin, alimpigia simu na kumshukuru kwa ushirikiano wake. Amin akauliza, ushirikiano gani? Amiri jeshi mkuu alikuwa hajajua kwamba amepigwa, na habari ilimfikia kwa simu kutoka Tel Aviv.

Kushindwa kwa namna ile hakufichiki, maana dunia nzima ilikuwa ikishangilia. Kwa hiyo serikali ilibadili mada. Kilichozungumzwa ni uchokozi wa Israeli na usaliti wa Kenya, iliyoziruhusu ndege zile kutia mafuta Nairobi. Ilizungumzwa kuhusu huruma ya Rais kwa mateka. Askari waliolala mlangoni hawakuzungumziwa. Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda waliuawa kwa mamia kulipiza kisasi. Mateka mmoja alikuwa amebaki nyuma: Dora Bloch, bibi wa miaka 74, aliyekuwa amelazwa Mulago. Alichukuliwa hospitalini akauawa, na serikali ikasisitiza kwamba alikuwa amerudishwa uwanjani kabla ya shambulio. Iliripotiwa kuwa Jimmy Parma, mpiga picha wa Voice of Uganda, aliupiga picha mwili wake Namanve. Parma naye aliuawa. Waliobaki katika chumba cha habari walielewa kwamba picha ya kushindwa ina gharama yake.

Ndivyo lilivyokuwa gazeti ambalo mwaka 1978 lilipaswa kuwaandaa watu kwa vita. Kampala ya wakati huo iliishi kwa magendo. Sukari, chumvi, sabuni na mafuta ya taa vilikuwa bidhaa za kunong'onezana. Mwenye gazeti lililosema maduka yamejaa alikuwa amesimama kwenye foleni ya duka tupu akilisoma. Watu walijifunza kulisoma Voice of Uganda kama mtu anavyosoma uso wa bosi: unatazama kisichosemwa. Kama jina la ofisa fulani lilikuwa likitajwa kila wiki kisha likanyamaza, uliuliza nyumbani kwake kama kuna msiba. Na kulikuwa na kile ambacho Kampala inakiita Redio Katwe, uvumi wa mtaani uliopewa jina la kitongoji cha mafundi na wachuuzi chini ya kilima cha Mengo. Redio Katwe ilikosea mara nyingi. Lakini haikuwa na sababu ya kumpendeza mtu yeyote.

Juu ya Redio Katwe kulikuwa na redio za masafa mafupi. BBC ilikuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu 1957. Sauti ya Kenya ilisikika bila taabu, na Radio Tanzania ilisikika vizuri kuliko Amin alivyopenda, ikimwita nduli na fashisti kutwa mara kadhaa. Kuisikiliza ilikuwa hatari, na watu waliisikiliza. Kuna kejeli ndani yake: ni Amin mwenyewe aliyekitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na lugha ya kambi za jeshi lake ilikuwa Kiswahili. Adui alipotangaza, askari hakuhitaji mkalimani.

Turudi Novemba. Amin aliamini kuwa Mto Kagera haupitiki bila daraja. Marubani wake walijaribu kulivunja daraja la Kyaka kwa mabomu ya MiG, wakalikosa mara kwa mara. Tarehe 3 Novemba lililipuliwa kwa baruti, kwa msaada wa mtaalamu aliyeletwa kutoka migodi ya shaba ya Kilembe. Kuvunja daraja ulilotoka kulifikia ni dalili ya mtu asiyetaka kuendelea mbele, lakini kwenye taarifa lilihesabiwa kuwa ushindi mwingine. Siku hizohizo Amin alitoa wazo kwamba yeye na Nyerere wamalize ugomvi ulingoni, mkono wake mmoja ukiwa umefungwa na Muhammad Ali akiwa refa. Magazeti ya Ulaya yalilipenda sana jambo hilo na kulichapa kwa kicheko. Sidhani lilikuwa la kuchekesha kiasi hicho kwa mtu wa Kyaka. Wala halikuwa wazimu mtupu: habari iliyotawala wiki ile duniani ikawa ni ndondi badala ya vijiji vilivyochomwa.

Mizinga ya Tanzania ilipoanza kujibu kutoka kusini ya mto, Amin alitangaza tarehe 14 Novemba kwamba anayaondoa majeshi yake yote Kagera bila masharti. Taarifa ililiweka hilo kama tendo la hisani la jirani mwema anayeitikia wito wa Afrika, na waangalizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikaribishwa waje wajionee. Tanzania ilijibu kuwa ni uongo, kwamba askari bado wapo. Kabla ya Novemba kwisha wahandisi wa jeshi la Tanzania walikuwa wamejenga daraja la vyuma la muda hapo Kyaka, na askari wao wakavuka kuzihesabu maiti vijijini. Kampala, ardhi ile iliyotwaliwa kwa dakika 25 haikutajwa tena. Siku chache kabla ilikuwa sehemu ya Uganda. Sasa haikuwapo, na hakuna aliyeeleza ilikokwenda. Ramani mpya ya nchi ilikuwa imeishi wiki mbili.

Njia hii ya kugeuza kurudi nyuma kuwa zawadi si ugunduzi wa Amin. Novemba 1914 jeshi la Waingereza lililoletwa kutoka India lilishindwa vibaya Tanga na kikosi kidogo cha Wajerumani na askari wao Waafrika, na habari hiyo ilifichwa kwa wananchi wa Uingereza kwa miezi. Habari ya vita ya Israeli na Waarabu ya mwaka 1967 inafanana zaidi na ya Kampala. Juni mwaka huo Sauti ya Waarabu kutoka Cairo, kwa kinywa cha mtangazaji Ahmed Said, ilikuwa ikihesabu ndege za Israeli zilizotunguliwa wakati ndege za Misri zilikuwa zimeshateketea chini bila kuruka. Waarabu walioiamini sauti ile kwa miaka walihisi wamepigwa mara mbili, na redio ile haikupata tena heshima yake ya zamani. Tofauti ni hii: Cairo ilikuwa na imani ya kupoteza. Radio Uganda ya 1979 haikuwa nayo.

Kwa upande mwingine Waingereza haohao, mwaka 1940, waliondoa askari zaidi ya 330,000 kutoka Dunkirk wakiwa wameacha karibu zana zao zote ufukweni. Magazeti yao yaliipamba safari ya mashua ndogondogo mpaka ikawa kama ushindi, lakini Churchill alisimama bungeni akaonya kwamba ushindi wa vita haupatikani kwa kuhamisha watu. Mapambo yalikuwapo, na ukweli ulikuwa umewekwa chini yake kiasi cha mtu kuukanyaga. Serikali ya namna hiyo inaweza kumwambia mwananchi asubiri, avumilie, atoe mwanawe. Amin hakuweza kumwomba Mganda chochote. Vijana wa Kampala walipoliona lori la jeshi mwaka 1979, walikimbia.

Usiku wa tarehe 21 Januari 1979 Watanzania waliingia Mutukula, mji mdogo wa mpakani, na kufikia kesho yake ulikuwa wao. Waliubomoa kwa tingatinga kulipiza ya Kagera, jambo lililomkera Nyerere. Siku tatu baadaye ilikuwa tarehe 25 Januari, sikukuu ya miaka minane ya mapinduzi yaliyomweka Amin madarakani. Halafu vita ikapanda barabara ya kuelekea kaskazini. Masaka ilianguka tarehe 24 Februari, Mbarara siku iliyofuata, na miji yote miwili ikabomolewa sana.

Kwa msikilizaji wa Kampala, miezi hii mitatu ilikuwa somo la jiografia. Taarifa zilizungumzia maadui waliouawa kwa wingi, mamluki waliotiwa adabu, uvamizi uliozimwa. Wavamizi walizidi kuongezewa uraia: walikuwa Watanzania, kisha Watanzania na Waganda wasaliti, kisha pamoja na mamluki weupe na Waisraeli. Jambo hilo lilikuwa na mantiki yake. Kama Field Marshal ataonekana ameshindwa, basi ashindwe na dunia nzima, si na mwalimu wa shule wa Butiama. Lakini mji una barabara, na barabara ina mabasi. Basi la Masaka liliacha kufika. Ndizi za Masaka zikawa adimu sokoni Nakasero, na wake wa askari wakaanza kuonekana na mabunda yao wakielekea kaskazini, si kusini. Aliyesikia BBC ikitaja Masaka, kisha Lukaya, kisha Mpigi, alipiga hesabu ya kilomita: 130, halafu 100, halafu pungufu ya 40. Kila ushindi ulikuwa umepatikana karibu zaidi na nyumbani kwake.

Kati ya Masaka na Kampala barabara hupita juu ya tuta kuvuka kinamasi, karibu na Lukaya. Hapo, tarehe 10 Machi, jeshi la Amin lilipata kitu ambacho redio yake ilikuwa ikikitangaza tangu Oktoba: ushindi wa kweli. Waganda, pamoja na Walibya walioletwa na Muammar Gaddafi na Wapalestina wachache, walikishambulia kikosi cha mbele cha Tanzania kwa makombora, na askari wengi wa kikosi hicho ambao hawakuwa na uzoefu wakatimua mbio. Lukaya ikarudi mikononi mwa Amin. Laiti lingekuwapo gazeti la kuaminika, hiyo ingekuwa habari ya kusisimua hata kwa wasiompenda. Lakini mtangazaji ambaye ameshatangaza ushindi arobaini hana sauti ya ziada ya kuutangazia ule mmoja wa kweli. Wala haukudumu. Usiku ule kikosi kingine cha Tanzania kilizunguka kutoka kaskazini-magharibi, na alfajiri ya tarehe 11 kikawakata Walibya na Waganda kwa nyuma. Walibya wapatao 200 walibaki hapo.

Kuhusu Walibya, Tripoli ilikuwa na shida yake ya kuwaeleza watu wake wafu wale walikuwa wakitafuta nini kwenye kinamasi cha Afrika Mashariki. Tarehe 29 Machi ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilitumwa kuilipua bohari ya mafuta Mwanza. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua swala wa hifadhi ya wanyama.

Inafaa kusimama kidogo hapa, kwa sababu msomaji wa Tanzania anaweza kuanza kujisikia vizuri mno. Ukweli ule wa tarehe 2 Novemba haukuendelea hivyohivyo. Jeshi la Tanzania lilipovuka mpaka na kuingia ndani ya Uganda, magazeti ya Dar es Salaam yalipoteza macho ghafla. Kwa wiki nyingi wanaosonga mbele walikuwa wapiganaji wa Uganda, na miji ilijikomboa. Nyerere alieleza kuwa kuna vita mbili, moja ya Waganda wanaomng'oa Amin na nyingine ya Watanzania wanaolinda nchi yao, na alikuwa na sababu za kisiasa: mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliharamisha kuvuka mipaka kwa bunduki, na alitaka Waganda wajione wamejikomboa wenyewe. Wala wananchi hawakuambiwa wakati ule kwamba ndege tatu za kivita za Tanzania zilitunguliwa kwa makosa na jeshi la Tanzania lenyewe katika siku za mwanzo za vita, kule Musoma. Msiba huo ulibaki wa familia na jeshi. Anayeshinda naye huficha, ila yeye husamehewa kuficha kwake.

Mwishoni mwa Machi wanasiasa wa Uganda waliokuwa uhamishoni walikutana Moshi, wakaunda chama cha umoja chini ya Profesa Yusuf Lule. Mizinga ilikuwa tayari Mpigi, na mlio wake ulisikika Kampala. Huo ndio uliokuwa mwisho wa kazi ya Voice of Uganda kama gazeti la vita, maana kombora halikanushiki. Entebbe ilianguka tarehe 7 Aprili. Watanzania waliiacha wazi barabara ya mashariki, ya Jinja, ili Walibya waliobaki waondoke bila aibu zaidi na bila mapigano ya mtaa kwa mtaa. Msafara wa Amin mwenyewe ulipita njia hiyohiyo.

Tarehe 10 Aprili vikosi viliingia mjini kutoka pande zaidi ya moja. Kikosi cha Luteni Kanali Ben Msuya ndicho kilichofika katikati ya jiji na kulala humo, kwenye giza, katika mji ambao hakikuwa na ramani yake. Tarehe 11 watu walitoka majumbani wakiwapungia mikono askari waliowaita bakombozi, na baada ya saa chache wakaanza kupora maduka na ofisi za serikali. Siku hiyo Radio Uganda ilirudi hewani na sauti ngeni. Luteni Kanali David Oyite-Ojok, mmoja wa makamanda wa wapiganaji wa Uganda, alitangaza kwamba serikali ya kifashisti ya Idi Amin imeondolewa. Kwa mara ya kwanza tangu 1971, kituo kile kilitangaza kushindwa kwa jeshi la Uganda, na waliotangaza ni washindi.

Baada ya hapo ikaja taarifa ambayo naihesabu kuwa kilele cha habari zote za vita ile. Kwa mtambo ulio nje ya Kampala, Amin alirusha hotuba yake mwenyewe, safari hii bila msemaji wa jeshi. Alikanusha tangazo la Oyite-Ojok, akajitaja kwa cheo chake chote, akasema serikali yake haijapinduliwa na kwamba sehemu kubwa mno ya nchi bado iko chini yake. Mtu wa Kampala aliyeisikia alikuwa na askari wa Kitanzania amesimama nje ya mlango wake, akiomba maji. Na bado wapo waliozima redio wakakaa kimya siku mbili tatu kabla ya kucheka, kwa sababu walikuwa wamewahi kumsikia mtu huyu akitoweka na kurudi. Jinja ilichukuliwa tarehe 22 Aprili, na majeshi yakaufikia mpaka wa Sudan mwanzoni mwa Juni. Wakati huo Amin alikuwa Libya.

Voice of Uganda lilibadili jina likawa Uganda Times. Mmiliki alibaki yuleyule, serikali, na kilichobadilika ni mtu wa kusifiwa. Lule aliapishwa tarehe 13 Aprili. Tarehe 20 Juni, baada ya siku 68, baraza la watu wake mwenyewe lilimwondoa usiku, na wakazi wa Kampala waliamka kuandamana mitaani wakidai arudishwe, maduka yakiwa yamefungwa. Lule alipelekwa Dar es Salaam. Kampala ilitaka kujua kama ameondoka kwa hiari au ameshikiliwa. Watu walilisoma Uganda Times, kisha wakawasha BBC.